Viatu Saba vya Mguu wa Kushoto

Ebei amerudi likizo hii na miguu ya mtu mwingine. Alipoondoka kwenda shule ya bweni Kitale alikuwa na miguu ya kawaida, ya binamu yangu, yenye vumbi la Kakuma. Sasa ana mitumbwi. Jana alikuwa anatafuta msumari wa kutundika taulo nyumbani kwa Ata, akashusha kutoka ukutani kiatu kimoja cha akala, cha tairi, cha kushoto, kilichokauka kama samaki wa ziwani, akajaribu kukivaa. Vilipita vidole vitatu, vingine vikabaki nje vikishangaa. "Hiki ni cha nani?" akauliza, na nyumba nzima ikacheka, maana hakuna asiyejua, hata yeye. Ni changu. Ukikigeuza utaona kwenye soli duara la wino wa zambarau ambalo halisomeki tena, na hilo ni muhuri wa ofisi. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na ninapaswa kuwa nasoma kemia. Lakini kemia ilikuwepo kabla yangu na itabaki, na huo mwaka wa akala usipoandikwa na mimi utaandikwa na Ebei, ambaye ataongeza kwamba nililia.

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Tuliishi kwa Ata, yaani bibi kwa Kiturkana, upande wa mji wa Kakuma, ng'ambo ya mto mkavu kutoka kambi ya wakimbizi. Jinsi kila mmoja wetu alivyofika pale ni hadithi ndefu na nyingine si zangu kusimulia. Tulikuwepo tu, kama sufuria zilivyokuwepo. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichounganishwa na kibanda cha makuti ya mkoma. Mchana mabati yalituoka na jioni makuti yalitupepea. Tulikula mahindi na maharagwe, kesho yake maharagwe na mahindi, na Jumapili samaki mkavu ambaye Ata alimpika hadi mifupa ikaomba msamaha. Pesa ilipoingia tulikunywa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Pesa yenyewe tuliiita pesa ya watoto, kwa sababu ilitoka serikalini kwa ajili ya nyumba maskini zenye watoto, na pia kwa sababu Ata alipotukasirikia alisema, "Hii pesa ni yenu, na taabu ni yangu."

Kuna jambo moja lazima lieleweke, au mengine yote hayatakuwa na maana. Kwetu mtoto hahesabiwi. Mbuzi pia hahesabiwi. Mchungaji mzuri hasimami zizini jioni akisema moja, mbili, tatu. Anatupa macho mara moja na kusema, "Yule mwenye sikio lililopasuka hayupo." Ukitaja nambari ni kama unamwonyesha kifo mahali pa kuanzia. Ata alitutazama hivyo hivyo, ila sisi hatukutulia kama mbuzi, kwa hiyo alitazama viatu. Jua likishuka tulivua akala mlangoni, zote za fundi mmoja, zote za tairi la lori moja, na yeye akipita na jivu la jikoni alizitupia jicho. Halafu akasema, bila kusimama, "Nawoi bado yuko kisimani," na kweli Nawoi alikuwa bado kisimani. Hata Furaha aliingia kwenye jicho hilo. Furaha alikuwa mtoto wa mama mmoja Mkongo aliyeuza mandazi karibu na Ata sokoni. Mama yake alipopelekwa kutibiwa Nairobi, Furaha alikuja kulala kwetu siku mbili. Siku hizo mbili zilikuwa zimefika miezi mitano.

Mwezi wa tatu akaja karani. Jina lake Barasa, kijana mrefu aliyetoka upande wa magharibi, mwenye kofia ya jua na tableti iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni. Siku nzima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiandikisha upya kaya za pesa ya watoto, na alipofika kwetu uso wake ulikuwa umebaki meno na chumvi tu. Ata akamwekea kigoda na kikombe cha maji.

"Ejok," akasema Ata.

"Ejok noi, shosho," akajibu Barasa, na hapo Kiturkana chake kikafika mwisho wa barabara. Akanigeukia. "Wewe unaelewa Kiswahili? Muulize ako na watoto wangapi."

Nikamuuliza Ata, ingawa nilijua. Ata akatuangalia tuliokuwa tumekaa mchangani tukitafuna matunda ya mkoma. "Mwambie kuna Akiru, huyu mwenye mdomo. Kuna Ebei. Kuna Nawoi, aliyezaliwa mto ukiwa umejaa. Kuna Ekeno, Apua, na Ewoi wa kikohozi. Kuna Furaha."

Nikatafsiri yote, hata mdomo. Barasa akafuta jasho kwenye kioo. "Hii mashine haitaki jina kwanza. Inataka nambari, ndiyo ifungue ukurasa wa majina. Ni wangapi?"

Ata akarudia majina, polepole zaidi, kama anayemsaidia mtu mgumu wa kusikia. Barasa akauliza tena wangapi. Ata akaanza safari ya tatu, kuanzia kwa mwenye mdomo. Sasa, mimi ningeweza kusema saba. Neno lenyewe ni fupi na nililijua tangu darasa la kwanza. Lakini kwangu mzaha hutoka kabla akili haijavaa viatu, na Ebei alikuwa ananitazama akisubiri niseme kitu. Nikasema, kwa sauti ya mtu mzima, "Anasema ni sifuri. Hana hata mmoja. Hawa unaowaona ni mbuzi."

Ebei akapaliwa na tunda. Nikangoja Barasa acheke. Barasa hakucheka. Alibonyeza kioo mara moja, kioo kikamkubalia kwa mlio mdogo wa furaha, akamwomba Ata aweke kidole gumba, Ata akaweka, Barasa akashukuru maji, akaenda. Nilibaki na mdomo wazi. Furaha akanishika mkono. "Akiru, yule papa ameandika," akasema. "Weye utamukimbilia ao?" Ningemkimbilia, na alikuwa hajafika hata kwa jirani. Lakini ukimkimbilia mtu kumweleza kwamba ulikuwa unatania, utani wenyewe umekufa, na mimi wakati huo nilikuwa na heshima kubwa kwa utani wangu.

Wiki chache baadaye simu ya Ata ikalia. Msomaji wa ujumbe nyumbani nilikuwa mimi, na hapo ndipo Mungu anapoonyesha kwamba naye ana mzaha wake. Ujumbe ulisema kaya hii haina mtoto anayestahili na malipo yamesimamishwa. Ata akauliza wanasemaje. Nikasema ni kampuni ya simu, wanasema umekaribia kushinda gari. "Waambie walete," akasema Ata, akarudi kuchambua maharagwe.

Siku ya malipo alienda kwa wakala, akaweka kidole, akaambiwa hakuna. Akarudi akakaa kwenye kigoda kile kile cha Barasa. Chai ikawa nyeusi, kisha ikawa maji ya moto yenye kumbukumbu ya majani. Kikohozi cha Ewoi kilikuwa na dawa yake ya chupa ambayo ilinunuliwa kila mwezi kwa pesa hiyo, na chupa ikafika mahali pa kuchanganywa na maji ili idumu zaidi. Usiku nilimsikia akikohoa na kila kikohozi nilikisikia kikisema sifuri. Ebei, shahidi wangu, alianza kunitoza. Kwanza nusu ya samaki wangu wa Jumapili, kisha samaki mzima. "Mimi sisemi kitu," alikuwa akisema huku akilamba vidole. "Lakini njaa huwa inaongea."

Mwezi uliofuata likaja jambo lingine ambalo lilifanya langu lionekane dogo kisha likalifanya kubwa zaidi. Chifu alitangaza kwamba kuna pendekezo: pesa ya watoto iendelee, ila kila nyumba ilipwe kwa watoto watatu tu. Wananchi wangetoa maoni katika ukumbi mmoja Lodwar. Dukani hakukuwa na hadithi nyingine. Nilitumwa chumvi nikakaa pale saa nzima nikisikiliza.

"Wanasema mtoto wa nne si maskini," alisema mwenye duka.

"Sasa huyo wa nne ameandikwa kazi wapi?" akauliza mama mmoja aliyekuja kununua mafuta ya nusu kikombe. "Wangu wa nne hata kutembea hajajua."

"Labda wanataka mzae watatu, basi."

"Waje waambie wale watano wa dada yangu warudi tumboni, wawili."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba wao walikuwa wanapigania mtoto wa nne na sisi kwetu hata wa kwanza hakuwepo.

Ata aliamua kwenda Lodwar. Alisema kwa sauti ya mtu anayekwenda kuchota maji kwamba anataka kuwauliza hao watu kwa nini wamemnyamazia, na kuhusu hao watatu pia ana neno. "Akiru, utakuwa ulimi wangu," akasema. Nikamwambia nina mtihani. Akaniuliza mtihani gani unafanywa Jumamosi. Jioni kabla ya safari, akala zilipokaa mlangoni, alipita na gunia dogo la unga akaokota kiatu cha kushoto cha kila mtoto, akafunga kamba. Changu hakukichukua. Nilikiona kimebaki mchangani na mwenzake, pea kamili. Watu wengine wangefurahi kubaki na viatu. Mimi nililala nikijiambia amekiacha kwa sababu ninasafiri, na moyo ukiniambia amekiacha kwa sababu anajua. Asubuhi tulipanda lori lililokuwa limepeleka mbuzi na lilikuwa bado linanuka abiria wake, tukashuka Lodwar jua likiwa limeshaamka vibaya.

Ukumbi ulikuwa na feni tatu, moja ikizunguka, na kila mtu alikuwa ameketi chini ya hiyo moja. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, mwenyekiti mama mmoja mwenye miwani, mwandishi mwenye rundo la karatasi na muhuri, na pembeni, na tableti yake, Barasa. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini ilikuwa saruji nzuri. Watu waliongea, wengine kwa Kiingereza kirefu ambacho mwenyekiti alikiandika kwa ufupi. Kisha akaitwa Ata. Akasimama na shanga zake zote shingoni, gunia mkononi, akataja jina lake na Kakuma. Mwenyekiti akamwashiria Barasa, Barasa akatafuta, na nikaona uso wake ukipungua.

"Mama," akasema mwenyekiti, kwa upole wa kweli, "hapa imeandikwa hauna mtoto. Maoni yako tutayapokea kama mwananchi, lakini si kama mzazi. Mtoto, mwambie."

Kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kutafsiri chochote. Hapo katikati ya lugha mbili kuna nyumba ndogo ambayo ni ya mtafsiri peke yake, na mimi nilikuwa nimeishi humo kwa raha sana. Ningemwambia Ata kwamba wanamkaribisha na wanamsifu shanga. Nikamgeukia. Nikamwambia kwa Kiturkana, neno kwa neno, kwamba karatasi yao inasema yeye hana mtoto.

Ata hakushtuka. "Waulize ni nani alisema."

Barasa akataka kujibu. Nikamtangulia, kwa sababu aliyekuwa na kipaza sauti ni mimi. "Ni mimi," nikasema kwa Kiswahili. "Yeye alitaja majina. Nyinyi mlitaka nambari. Nikasema sifuri, nikasema sisi ni mbuzi. Nilikuwa natania. Ujumbe ulipokuja nikamwambia ameshinda gari." Kisha nikayasema yote tena kwa Kiturkana, polepole, huku nikiangalia dole langu gumba la mguu. Ukumbi ukacheka. Ulicheka kwa mbuzi na ukacheka zaidi kwa gari, kicheko kile nilichokuwa nimekitafuta maisha yangu yote, cha ukumbi mzima, na sikuona utamu wake hata kidogo.

Barasa akasimama. "Mwenyekiti, hata mimi niliwaona. Walikuwa wamekaa hapo mbele yangu. Lakini ilikuwa nyumba ya mwisho, na mashine ilikuwa imekataa mara tatu. Ilipokubali nikaona afadhali."

"Sasa tutajuaje ni wangapi?" akauliza mwenyekiti. "Mama atuambie."

Nikatafsiri. Ata alifika mezani, akafungua gunia, na kwenye kitambaa cha kijani akaanza kupanga. "Hiki ni cha Ebei," akasema, nami nikasema nyuma yake. "Hiki ni cha Nawoi. Cha Ekeno. Hiki kilichoshonwa waya ni cha Apua. Hiki kidogo ni cha Ewoi. Hiki ni cha Furaha." Mchanga wa Kakuma ukamwagika kwenye karatasi za mwandishi. Mwandishi akauliza kama huyo Furaha ni mjukuu. Ata akasema, "Kiatu chake hulala mlangoni kwangu. Cha kwako kinalala wapi?" na hiyo nilitafsiri vilevile ilivyo, na mwandishi akainama kuandika ingawa hakukuwa na kitu cha kuandika.

Viatu vilikuwa vimekwisha. Gunia lilikuwa limekunjwa. Ata akanigeukia, akaitazama miguu yangu kwa jicho lile la jioni, akasema neno moja.

"Vua."

Nilivua cha kushoto. Alikipokea kwa mikono miwili, akapangusa vumbi la Lodwar kwa ncha ya shuka lake, akakiweka mwanzoni mwa mstari, kabla ya cha Ebei. "Hiki ni cha Akiru," akasema, "mwenye mdomo." Nilijaribu kutafsiri nikashindwa, na mwenyekiti akasema haidhuru, wameelewa.

Mwenyekiti akaanza kuonyesha kwa kalamu, moja, mbili, na Ata akageuza uso akaangalia feni mpaka walipomaliza. Ni wao waliosema saba. Yeye hajasema mpaka leo.

"Sasa mwambie yule mama," Ata akaniambia, "nimesikia wanataka watatu. Viatu ni hivyo. Achague vitatu. Vile vingine anirudishie, nikawaambie wenyewe."

Nikamwambia. Mwenyekiti alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kuchukua tu ili aonyeshe, mkono ukafika juu ya akala ya Ewoi, ukasimama, ukarudi kwenye miwani. Feni ilisikika ikikwaruza. Mwandishi akanong'ona, "Tuandike nini?"

"Andika viatu saba," akasema mwenyekiti. "Vya kushoto."

Lakini mwandishi alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema maoni yaliyoletwa kwa maandishi au kwa kitu lazima yapigwe muhuri wa kupokelewa na yakae ofisini mpaka saa tisa. Na mtu huyo, mbele ya macho ya wote, akageuza akala moja baada ya nyingine akazigonga muhuri kwenye soli. Ndiyo sababu nilitoka kwenye ukumbi wa serikali saa sita mchana, katika mchanga wa Lodwar, na kiatu kimoja. Asiyejua mchanga huo akanyage kikaango. Niliruka kwa mguu wa kulia kutoka kivuli cha mti hadi kivuli cha ukuta hadi kivuli cha bodaboda iliyosimama, na Ata nyuma yangu akitembea taratibu, akicheka hadi shanga zikalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumchekesha bila kukusudia, na ndiyo bora kuliko zote nilizokusudia.

Tulingoja saa tisa kwenye kibanda cha mama mmoja wa samaki. Ata akanikatia upande wa tumbo, wenye mafuta. Nikamuuliza alijua tangu lini. "Siku ile ile," akasema. "Timu ya Ebei inacheza kila Jumapili na kila Jumapili unapiga kelele sifuri, sifuri. Unafikiri sijui neno hilo?"

"Mbona hukusema?"

"Uongo ulikuwa mdomoni mwako. Ningeingiza mkono nikautoe?" Akatema mfupa. "Na gari langu bado nalingoja."

Nyumbani tulikuta watoto sita ambao siku nzima walikuwa wametembea na mguu mmoja umevaa, mmoja wao Ebei, aliyekuwa amewapanga wenzake mstari akiwafundisha kuruka kwa pamoja. Barasa alikuja mwenyewe wiki ile, akaketi kwenye kigoda, na safari hii aliandika majina kwanza kwenye daftari, akaondoka, akaenda kuhesabu mbali, nyuma ya boma, Ata asione. Malipo yalirudi baada ya miezi miwili, na chupa ya Ewoi ikanunuliwa ikiwa haijachanganywa na chochote. Mama yake Furaha alipona akarudi, na kwa kuwa Furaha alikataa kuhama, mama naye akawa anakula kwetu. Lile pendekezo la watatu lilirudishwa likafikiriwe upya. Linafikiriwa bado. Kila mwaka kuna mtu dukani anayesema linarudi, na Ata huuliza tu gunia liko wapi.

Jana, baada ya Ebei kushindwa kukivaa, nilikitundika kiatu msumarini, na taulo lake likapata kamba nje kama mataulo mengine. Jua lilikuwa linashuka. Tuliingia ndani kwa chai. Ata, ambaye jicho lake moja sasa lina ukungu, alipita na jivu lake, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida, akainama kuyatazama mabuti ya shule ambayo Ebei alikuwa ameyavua hapo.

"Kuna mgeni," akasema.

"Ni Ebei, Ata. Amekua."

Akayatazama tena, akayasukuma kwa mguu mpaka yakakaa katikati ya vyetu, akaenda kumwaga jivu.